Sinema ya Chumba cha Vioo

Mimi ni mdaku, wala sioni haya kulisema. Mama yangu alikuwa akisema kwamba hata siku ya kufa nitamuuliza malaika anaishi wapi na ameajiriwa na nani. Udaku huo ndio unaonifanya niipende kazi yangu ya kutunza wazee hapa Minnesota, kazi ambayo wenzangu wengi kanisani huifanya kwa kuvumilia tu. Mzee ana habari zake, mimi nina masikio, na vyombo huosheka haraka mtu akiwa anasimuliwa.

Kwa miaka kadhaa sasa namtunza bibi mmoja wa Golden Valley. Namwita shosho, yaani nyanya kwa lugha yetu, maana siwezi kumwita mwanamke wa umri ule kwa jina lake bila ulimi kukwama. Nilipomweleza maana yake alifurahi, akasema ni afadhali kuliko hospitalini, ambako vijana wa juzi humwita kama mwanafunzi mwenzao. Alizaliwa katika mji mdogo wa Manitoba, Kanada, kwenye zile nyanda tambarare zinazolimwa ngano, katika jamii ya Waukreni waliokwenda huko kutafuta mashamba. Alikuja Minneapolis akiwa msichana, akafanya kazi ya ushonaji kiwandani, akaolewa, na mji wake akauacha hukohuko. Lakini mchana, baada ya dawa na chai, mji huo ulikuwa ukirudi sebuleni, hasa jumba lake la sinema.

Mwanzoni nilidhani anatia chumvi. Mji wa familia chache, ghala moja la ngano, reli na kanisa, halafu jumba la sinema? Akanihakikishia kwamba siku zile kila mji wa nyanda zile uliojiheshimu ulikuwa nalo. Lilikuwa la mbao, na ukuta wa mbele uliinuliwa kupita paa ili lionekane ghorofa. Ndani, viti vilipigiliwa kwenye mbao ndefu ili viweze kusogezwa ukutani watu wacheze dansi. Humohumo walifanya arusi, mikutano ya wakulima, ndondi, na ibada mwaka ambao kanisa liliungua. Chumba cha mashine kilizibwa kwa mabati, kwa kuwa filamu za zamani zilishika moto upesi. Mbele palikuwa na pazia kubwa lililochorwa ziwa na milima ambayo hakuna mtu mjini aliyewahi kuiona kwa macho, na pembeni likazungushiwa matangazo ya fundi viatu, muuza majeneza na daktari wa meno aliyekuja na treni mara moja kwa mwezi. Watu walilisoma pazia hilo kila wiki, maneno yaleyale, kabla halijapandishwa filamu ianze.

Nyuma kabisa, juu kidogo ya benchi la mwisho, palikuwa na chumba kidogo chenye ukuta wa kioo. Humo walikaa akina mama wenye watoto wachanga. Mtoto alie apendavyo, mbele ukumbini hakusikika, na sauti ya filamu iliwafikia akina mama kwa spika ndogo ya ukutani. Shosho alikaa humo kwa sababu mama yake alikuwa na mtoto wa kunyonya. Wengi wa wanawake wale hawakujua Kiingereza, na yeye mwenyewe alikuwa bado hajaanza shule. Kwa hiyo mama yake, aliyekijua, alikuwa akiipunguza sauti ile spika, anasimama kando ya kioo mtoto mkononi, anawaeleza filamu kwa Kiukreni mwanzo hadi mwisho.

Hapo nikaacha kumtilia shaka, maana mtu huyo namjua. Nilipokuwa msichana Nyahururu, kule Kenya, palikuwa na kibanda cha video cha mabati karibu na stendi, na ndani yake alikaa jamaa mmoja na kipaza sauti akituelezea filamu za Wachina kwa lugha yetu. Alikuwa akiwapa wachezaji majina ya kwetu. Jambazi kila mara alikuwa na jina la chifu wetu. Nilitoroka mazoezi ya kwaya kwenda kumsikiliza, na mpaka leo sijui katika filamu zile nilizoziona ni kipi kilikuwa cha Wachina na kipi kilikuwa chake. Binti yangu, ambaye amekulia hapa Blaine, nilipomsimulia alinijibu kwa Kiingereza kwamba hiyo si sinema, ni mtu anayewasumbua watazamaji. Nikamwacha.

Taabu ilianza na televisheni. Kuna stesheni inayoonyesha filamu za zamani mchana kutwa, nasi tulikuwa tukiitazama pamoja. Siku moja ya baridi kali walionyesha filamu ya vita. Mume ameitwa jeshini, mke amebaki shambani, muziki unalia, na mwishoni mwanamume mwenye sare akaja mlangoni kumwambia mke kwamba mwenzake amekufa. Shosho akaweka kikombe chini. Akasema wameikata. Filamu hii aliiona akiwa mtoto na mume alirudi. Alirudi na mfuko begani, theluji ikiwa bado mlangoni, na mke akapiga magoti akamvua buti.

Binti yake alikuwa jikoni akipanga vitu alivyomnunulia. Ni mwanamke wa makamo, mtoto pekee, anafanya kazi ofisini kule Plymouth. Alitoa simu, akatafuta, akamwonyesha mama yake: filamu ina mwisho mmoja tu, mume anakufa, haijawahi kuwa na mwingine. Shosho akamwambia basi simu inadanganya. Binti hakubishana, lakini aliponisindikiza mlangoni aliniambia kwamba hiyo si filamu ya kwanza. Alikuwa amezitafuta nyingi. Kila filamu ya zamani ambayo mama yake alidai kuikumbuka, aliikumbuka vibaya, na alikuwa tayari kuapa. Hata hilo jumba la sinema lilimtia wasiwasi. Alipelekwa mji ule akiwa mdogo na hakumbuki kuona chochote isipokuwa ghala la ngano na makaburi.

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu huona dalili kila anapogeuka. Kweli shosho alikuwa akisahau funguo, na mara moja aliliacha jiko likiwaka. Binti alikuwa ameshatembelea nyumba moja Plymouth ya wazee waliopotewa na kumbukumbu, mojawapo ya zile ambazo milango hufunguliwa kwa namba asizopewa mkaaji. Chumba kilikuwepo. Nesi wa kumpima shosho angekuja mwezi wa sita, na binti aliniomba siku hiyo niwepo nieleze habari ya filamu bila kuficha. Shosho alijua yote. Aliniambia siku moja nikimvisha soksi, kwa sauti ya kawaida tu: "Wakinipeleka kule sitatoka, na nyumba yangu itauzwa nikiwa hai."

Sikupata usingizi mzuri baada ya hapo. Nilimpenda, na nilikuwa nimeombwa niseme maneno ambayo yangemfungia mlango. Lakini pia, niseme ukweli, kulikuwa na swali lililonikera kama punje ya mahindi kwenye jino. Mtu anayepotewa na kumbukumbu huvuruga, leo hivi, kesho vile. Shosho hakuvuruga. Mume alirudi na mfuko begani mara ya kwanza, na nilipomuuliza tena baada ya wiki kadhaa alirudi na mfuko uleule, begani, na theluji ilikuwa mlangoni. Kwa nini akosee kila mara kwa namna moja?

Basi wiki chache kabla ya nesi kuja, kanisa letu likapata ruracio, sherehe ya kupeleka mahari, Winnipeg. Kijana wa mwenzetu alikuwa anachumbia huko na upande wetu tulitakiwa tuwakilishe. Tulikwenda akina mama wanne kwa gari moja, na dereva alikuwa rafiki yangu wa miaka mingi, nesi, mwanamke asiyependa kupotezewa wakati. Nilimwomba shosho ruhusa nikautazame mji wake. Alinichorea kidole hewani: kutoka barabara kuu unaelekea machweo, unafuata reli. Tatizo lilikuwa kumwambia dereva. Nilingoja mpaka tukavuka mpaka, tukavaa vitenge vyetu vya sare kwenye choo cha kituo cha petroli, ndipo nikasema.

"Wewe," akaniambia, "tume-drive tangu asubuhi na unataka ni-turn kwa hii barabara ya murram ndio tuone nini?"

"Nyumba ya sinema."

"Kwani Minneapolis sinema ziliisha?"

Lakini alikata kona. Tulikwenda na vumbi nyuma yetu, ardhi imenyooka kila upande mpaka wenzangu wakaanza kuuliza kama hawa watu hawana hata kilima cha kutundikia jua. Kisha likaonekana ghala la ngano, kanisa lenye kuba kama kitunguu, nyumba chache, na kwenye mtaa mmoja uliobaki, jengo la mbao lenye ukuta wa mbele uliopita paa. Madirisha yalizibwa kwa mbao. Nilishuka kabla gari halijasimama sawasawa.

Mzee mmoja mwembamba alikuwa akikata nyasi mbele yake. Ndiye aliyekuwa na ufunguo. Alituangalia, akina mama wanne wa kitenge kimoja tumejaa vumbi, akasema kwa upole kwamba jengo limefungwa, sakafu imeoza mahali na bima hairuhusu wageni. Nikaanza kumsihi. Rafiki yangu hakuwa na subira ya kusihi. Alisimama mbele ya mlango ule, akaweka mkono kiunoni, akaanzisha wimbo tuliokuwa tumeufanyia mazoezi, ule wa kubisha lango la wazazi wa bibi arusi. Kwetu huwezi kuingia ruracio kimyakimya. Wenye nyumba hukufungia, nawe unaimba, wanakataa, unaimba tena, mpaka waridhike. Wenzangu wakadakia, na nikadakia pia, kwa sababu wimbo ukianza hivyo miguu haikuulizi.

Yule mzee alizima mashine yake. Akaenda akasimama mlangoni, akanyoosha mikono huku na huku kuuziba, na nilifikiri tumemkasirisha. Kumbe anacheka. Alisema kwao Waukreni pia arusi ilifungiwa lango, na hakuna aliyepita bila kutoa kitu. Akauliza tumemletea nini. Tukamtolea mandazi ya safari. Akala moja palepale, akayaangalia yaliyobaki, akafungua.

Ndani palinuka panya na mbao kuukuu. Alituonyesha tupite pembeni ambapo sakafu ilikuwa nzima. Viti vilikuwepo, vimepigiliwa kwenye mbao zao ndefu, vimesukumwa ukutani kana kwamba dansi imekwisha juzi. Alivuta kamba na pazia likashuka nusu, likakwama, lakini nusu hiyo ilitosha: milima, ukingo wa ziwa, na tangazo la muuza majeneza. Nilipiga kofi kama mtoto. Nikamuuliza mashine ilikaa wapi, nani aliiendesha, lini waliacha. Alisema kwanza zilikuja televisheni, kisha barabara nzuri ya kwenda mji mkubwa, na filamu ya mwisho waliitazama watu wachache na mbwa. Miji yote ya huku ilikwenda hivyo, jumba baada ya jumba.

Kisha nikageuka nyuma nikakiona. Kilikuwa kidogo kuliko nilivyofikiri, kioo chake kimeingia ufa, na juu ya kioo palikuwa na kidirisha cha kupitishia hewa. Nikamwambia namtunza bibi mmoja aliyekaa humo utotoni, ambaye mama yake aliwatafsiria wenzake. Mzee akanitazama kwa makini. Aliuliza familia gani, nikamwambia. Akaketi kwenye moja ya vile viti bila kujali vumbi.

Alisema yeye na wavulana wenzake waligombania benchi la mwisho, chini ya chumba kile. Kwa sababu ya watoto na joto la jiko, kidirisha kiliachwa wazi, na sauti ya mama yule ilishuka mpaka kwao. Kiingereza walikijua cha shule, Kiukreni walikijua cha nyumbani, kwa hiyo kwa tiketi moja walipata filamu mbili.

"Mbili vipi?" nikauliza. "Si alikuwa anatafsiri?"

"Mwanzo alitafsiri," akasema. "Mwisho ulikuwa wake. Kwenye skrini mtu amepigwa risasi, amelala chini, na huku juu tunasikia amefika nyumbani, anavuliwa buti. Tulipenda wa kwake zaidi."

Nikamuuliza kwa nini alifanya hivyo.

"Waume wa wanawake wale walikuwa vitani," akasema. "Wewe ungewaambia nini?"

Machozi yalinitoka na sikuyazuia, na rafiki yangu, ambaye alikuwa ameanza kuangalia saa, akaacha kuiangalia. Shosho hakukosea hata filamu moja. Alikuwa akizikumbuka zote sawasawa, jinsi alivyoambiwa. Nami niliyekulia kwenye kibanda cha video, niliyesikia chifu wetu akipigwa mateke na Mchina, nilihitaji kuvuka mpaka wa nchi ili nielewe jambo hilo. Nilimwomba mzee ayarudie maneno yake nimrekodi kwa simu. Alikubali, na alipomaliza kwa Kiingereza akaongeza sentensi moja kwa Kiukreni, taratibu, akasema hiyo ni ya binti wa mama yule.

Winnipeg tulifika tumechelewa na tulifungiwa lango kwelikweli, tukaimba mpaka sauti zikakauka. Rafiki yangu alimwambia kila mtu kwamba kosa ni langu na sinema zangu.

Niliporudi kazini nilimwomba binti wa shosho apite kabla ya kwenda ofisini. Tuliketi mezani watatu. Niliwaeleza jengo, pazia, kioo, kisha nikaweka simu katikati. Mzee alipofika kwenye habari ya mwisho wa filamu, binti alifunika mdomo kwa mkono. Shosho alikuwa ametulia tuli. Ilipokuja ile sentensi ya Kiukreni, aliidaka katikati akaimaliza pamoja na mzee, sauti mbili, moja ya simu na moja ya mezani. Tulimngojea. Akatuambia maana yake: na akafika nyumbani, na theluji ilikuwa bado mlangoni. Mama yake alimalizia filamu zote hivyo, hata zile za jangwani.

Kisha akamgeukia bintiye. "Kwa hiyo yule mume hakurudi."

"Hakurudi, mama."

Alianza kuzungusha kikombe chake. Nilifikiri nimemharibia kitu ambacho angekwenda nacho kaburini, na nilijuta udaku wangu wote.

"Siku ya filamu ile," akasema, "mama alikuwa na kitambaa cheusi kichwani. Habari ya baba ilikuwa imeshafika."

Nilimwona mwanamke yule nyuma ya kioo, mjane, mtoto mkononi, akitazama mtu wa sare akija mlangoni kwenye skrini, akiwageukia wenzake ambao bado walikuwa na waume, na kuwaambia amerudi. Binti aliinuka akazunguka meza akamkumbatia mama yake kwa nyuma, na akakaa hivyo mpaka akachelewa kazini.

Nesi alikuja kama ilivyopangwa. Aliona usahaulifu, haukufichika, na akashauri jiko liwekewe kifaa cha kujizima na mimi niongezewe saa. Habari ya filamu niliieleza yote, kama nilivyoombwa, na binti alikuwa akiitikia kwa kichwa kila nilipotaja bibi yake, mama wa shosho. Juma hilohilo aliwapigia Plymouth akawaambia chumba wampe mtu mwingine.

Stesheni ile hurudia filamu zake. Baridi ilipokaribia tena, siku ya mapumziko, binti alikuwa sebuleni nasi ilipokuja ile ya vita. Tulitazama mke akibaki shambani, tukasikia muziki ukianza kulia, na yule mtu wa sare akaonekana mbali akija njia ya nyumba. Binti akachukua rimoti akaizima sauti.

Shosho akamtazama, akatazama televisheni. "Amerudi," akasema. "Ana mfuko begani."

Nilikuwa na swali mdomoni, lakini binti yake aliniwahi.

"Ndani ya mfuko amebeba nini, mama?"